Mlima Hausikii Amri ya Mkubwa

Katika viwanja vingi vya ndege hutokea kisa kimoja ambacho kila msafiri wa miaka mingi amekwisha kukiona. Abiria wamekwisha kuingia, mikanda imefungwa, jua la saa nane mchana linawaka juu ya lami, na ndege haiondoki. Mara huonekana vijana wa mizigo wakiyashusha mabegi na makasha waliyokwisha kuyapakia. Ndani ya ndege manung'uniko huanza. Mmoja husema kwamba huo ni uzembe wa shirika. Wa pili huuliza kwa nini viti sita viko wazi, ilhali ndugu yake ameachwa pale mezani pa tiketi. Wa tatu, ambaye ni mtu wa cheo, humwita mfanyakazi na kumwuliza kama anafahamu anasema na nani.

Mfanyakazi huyo, aghalabu kijana wa mshahara mdogo mwenye karatasi ya mahesabu mkononi, hujibu kwa adabu kwamba uzito umezidi. Jibu hilo huwaudhi watu zaidi, maana wanaiona ndege kuwa ni kubwa, na injini zake zote zinanguruma vizuri. Wasilolijua wengi wao ni kwamba karatasi ile haikukokotolewa kwa ajili ya ndege yenye injini zote nzima. Imekokotolewa kwa ajili ya ndege ambayo injini yake moja imekufa katika wakati ulio mbaya kuliko nyakati zote: inapokuwa imekwisha kukimbia mno hata haiwezi kusimama, na bado haijaiacha ardhi.

Jambo hilo si la marubani na mafundi peke yao. Ndege za shirika la umma hununuliwa kwa jasho la mkulima ambaye pengine hatapanda ndege maishani mwake. Wanaosafiri ndani yake ni watu wa kila aina: mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa, mwanafunzi, mfanya biashara, kiongozi. Tena mashinikizo yanayomwelemea yule kijana wa karatasi hayatoki angani. Yanatoka kwa watu. Kwa hiyo ni wajibu wa watu kufahamu anachokilinda.

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga. Msemo huo una faraja yake msibani, lakini katika kazi ya ndege ni msemo wa hatari. Kinga ipo. Hufanywa kwa hesabu, kabla ya safari, na mtu aliyeketi ofisini bila haraka. Ikikosekana hapo, haipatikani tena kwa ushujaa wa mtu yeyote.

Kila safari, kabla ndege haijaondoka, hukokotolewa kasi moja iitwayo kasi ya uamuzi, ambayo katika vitabu vya marubani huandikwa V1. Injini ikifa kabla ya kasi hiyo kufikiwa, rubani huondoa nguvu za injini zote, hukanyaga breki na kusimama katika urefu wa njia uliobaki. Ikifa baada yake, kusimama hakuwezekani tena; ndege haina budi kuendelea kukimbia, iruke na ipande kwa nguvu za injini zilizobaki. Njia ya tatu haipo. Kila moja ya njia hizo mbili hutakiwa iwe na nafasi yake iliyopimwa mapema: lami ya kutosha kwa kusimama, na anga tupu ya kutosha kwa kupanda.

Watu hudhani kwamba ndege ya injini mbili ikipoteza moja hubaki na nusu ya uwezo wake wa kupanda. Sivyo. Mfano wa nyumba ya kawaida utalionyesha jambo hili. Mume na mke wanafanya kazi. Kila mmoja huleta shilingi 50 kwa siku, jumla 100, na matumizi ya nyumba ni shilingi 40. Akiba yao ni 60. Siku mmoja akiugua, mapato hushuka hadi 50, yaani nusu. Lakini tumbo halipungui. Matumizi hubaki 40, na akiba huwa 10 tu. Mapato yamepungua kwa nusu, na akiba imepungua kwa sehemu tano katika sita. Tena mgonjwa mwenyewe huongeza gharama za dawa. Ndivyo ilivyo kwa ndege. Sehemu kubwa ya nguvu za injini hutumika katika kuishinda nguvu ya upepo ili ndege isishuke; ile akiba inayobaki ndiyo inayoipandisha. Injini moja ikifa, akiba ndiyo inayoliwa kwanza, na ile iliyokufa huongeza gharama, kwa kuwa hukokotwa upeponi kama mzigo na kuivuta ndege upande, hata usukani wa mkia ulazimike kupindwa ili ndege iende sawa.

Kwa sababu hiyo kanuni hazikuachiwa hisia ya mtu. Kwa mujibu wa kanuni za kuthibitisha ndege kubwa za abiria zinazotumika Marekani na Ulaya, ndege ya injini mbili iliyopoteza moja, ikiisha kuyakunja magurudumu, ni lazima iweze kupanda kwa mpando usiopungua asilimia 2.4; yaani kila inapokwenda mbele mita 100 ipae mita 2.4. Ndege ya injini tatu hutakiwa asilimia 2.7, na ya injini nne asilimia 3.0. Hata hapo wataalamu hawakuridhika. Walijua kwamba takwimu hizo zilipatikana kwa ndege mpya mikononi mwa rubani wa majaribio, ilhali maishani injini huchakaa, bawa huchafuka, na rubani aliyeshtuka huchelewa sekunde moja mbili. Kwa hiyo, inapofika kazi ya kuvuka vizuizi, mpando huo hukatwa: asilimia 0.8 kwa ndege ya injini mbili, 0.9 kwa injini tatu na 1.0 kwa injini nne. Ndege inayopanda kwa 2.4 huhesabiwa kana kwamba inapanda kwa 1.6. Na kwa mpando huo uliokatwa, ni lazima ipite juu ya kila kizuizi kilicho katika njia yake kwa futi 35 angalau, ambazo ni karibu mita 11. Hizo hazifikii urefu wa mnazi mrefu.

Tuseme kuna kilima umbali wa kilomita tano kutoka pale ndege inapokuwa imefikia kimo cha mita 11 baada ya kuruka. Kwa hesabu nyepesi, mpando wa asilimia 1.6 katika mita 5,000 huipandisha ndege mita 80. Ukijumlisha zile 11 za mwanzo, iko mita 91. Ukitoa mita 11 za usalama, kilima kinachoruhusiwa mahali hapo hakizidi mita 80. Kama kilima hicho kina mita 100, hesabu inakataa. Hapo mpando unaotakiwa ni asilimia 2.0 baada ya makato, yaani 2.8 kabla yake, na ndege haiwezi kuupata mpaka uzito upunguzwe. Mita 20 za mwamba ndizo zinazoyashusha yale mabegi, na ndizo zinazoviacha vile viti sita wazi. Mfanyakazi hakuvificha kwa chuki wala kwa kungoja mlungula. Vimekaliwa na mlima.

Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kuyajua mambo haya. Bara la ukanda huu ni nchi ya nyanda za juu, na hewa ya juu ni nyepesi. Uwanja mkuu wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hapo uzito wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja katika saba. Uwanja wa Bole wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300, na hapo hewa imepungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Joto huipunguza zaidi. Hewa nyepesi huinyima injini pumzi na hulinyima bawa cha kuegemea. Ndege hulazimika kukimbia zaidi ili iruke, na ikiruka hupanda kidogo. Ndege iliyobeba mzigo wake wote bila taabu kutoka Dar es Salaam, kando ya bahari, inaweza kukatazwa mzigo huo huo ikiwa Nairobi saa za mchana.

Kulikuwa na ndege iliyoundwa kwa ajili ya hali hiyo hasa. Kiwanda cha Vickers cha Uingereza kiliitengeneza VC10, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1962, kwa ajili ya viwanja vya joto na vya juu ambavyo njia zake za kurukia zilikuwa fupi. Injini zake nne ziliwekwa mkiani, mabawa yakaachwa huru yafanye kazi ya kubeba. Shirika la East African Airways, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania, liliendesha Super VC10 tano tangu mwaka 1966. Lakini nguvu hizo zilikuwa na bei: VC10 ilikula mafuta zaidi kuliko Boeing 707. Viwanja vingi vilipokwisha kurefushiwa njia, wahasibu wa mashirika makubwa waliuona uwezo ule wa ziada kuwa ni anasa, na VC10 zilizoundwa zikaishia 54. Ndiyo desturi ya akiba ya usalama. Siku inapohitajiwa huonekana ndogo, na siku zote nyingine huonekana ufujaji.

Hata hivyo, ndege bora peke yake haitoshi. Tarehe 18 Aprili 1972, moja ya Super VC10 hizo, yenye namba 5X-UVA, ilikuwa ikiondoka Addis Ababa katika safari ya Nairobi kwenda London kupitia Roma. Katika kukimbia kwake gurudumu la mbele lilikanyaga kipande cha chuma kilichokuwa kimeanguka njiani kutoka katika ndege ndogo, na tairi likapasuka. Palisikika kishindo na mtikisiko, na rubani akaamua kusimama. Kwa hesabu za vitabu, njia ilitosha. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya katika matengenezo, na nguvu za breki zikawa pungufu. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikaanguka ng'ambo ya ukingo na kuwaka moto. Kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walikufa.

Miaka miwili baadaye, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya shirika la Lufthansa iliruka kutoka Nairobi huku vibao vya ukingo wa mbele wa mabawa, ambavyo husogezwa nje ili bawa liweze kubeba kwa kasi ndogo, vikiwa havikutoka. Injini zote nne zilikuwa nzima. Lakini katika hewa ile nyepesi bawa lililokosa vibao hivyo halikuweza kuipandisha ndege, nayo ikarudi ardhini mbele kidogo ya uwanja. Watu 59 kati ya 157 walipoteza maisha, na hiyo ilikuwa ajali ya kwanza ya kuua watu kwa ndege ya aina hiyo. Baada yake Boeing iliweka onyo la kumjulisha rubani kama vibao hivyo havikutoka.

Kisha ikaja Chicago. Tarehe 25 Mei 1979, ndege ya DC-10 ya American Airlines, yenye injini tatu, ilikuwa ikiinuka kuelekea Los Angeles wakati injini ya bawa la kushoto ilipong'oka pamoja na mhimili wake na kuanguka njiani. Ndege ya namna hiyo ilikuwa na uwezo wa kupanda kwa injini mbili, na marubani walifanya kama walivyofundishwa: waliipunguza kasi kutoka noti 172 hadi ile kasi ya usalama ya kupaa, V2, iliyokuwa noti 153. Wasichokijua ni kwamba injini ilipong'oka ilikata mabomba ya haidroliki, na vibao vya mbele vya bawa la kushoto vikarudi ndani. Bawa hilo sasa lilikuwa halibebi chini ya noti 159. Vyombo ambavyo vingewaonya vilikuwa vimepoteza umeme, maana umeme wake ulitoka katika injini ile ile. Ndege ilibiruka. Watu wote 271 waliokuwamo walikufa, na wengine wawili waliokuwa ardhini.

Kwa nini injini iling'oka? Uchunguzi uliipata sababu karakanani. Mtengenezaji alitaka injini ishushwe kwanza, kisha mhimili wake. Shirika liliona njia hiyo ni ndefu. Likashusha vyote kwa pamoja kwa kutumia foklifti, yaani gari la kunyanyulia mizigo, na hivyo likaokoa kama saa 200 za kazi kwa kila ndege. Katika kunyanyua huko mhimili ulipata ufa. Shirika jingine lililotumia njia hiyo hiyo lilikuwa limekwisha kuona madhara ya namna hiyo katika ndege zake, lakini habari hazikuenea ipasavyo kwa wengine. Saa 200 zilizookolewa zililipwa kwa roho 273.

Mwandishi wa haraka angemalizia hapo, aseme kwamba hayo ndiyo matunda ya ubepari, unaoiweka faida mbele ya utu. Maneno hayo yana ukweli wake. Lakini ni ukweli nusu, na ukweli nusu huwalaza watu usingizi. Breki za Addis Ababa hazikuunganishwa vibaya kwa ajili ya gawio la bepari wa Chicago. Ndege ile ilikuwa mali ya umma wa nchi tatu, na bado chuma hakikuwahurumia wenyewe. Uzembe katika karakana ya umma huua sawasawa na tamaa katika karakana ya bepari. Tofauti iliyopo ni moja: mwenye mali ya umma hana wa kumsingizia.

Hatari yenyewe haiishii penye kuruka. Ndege ikiwa juu sana na injini moja ikifa, haiwezi kukaa katika kimo kile; hushuka pole pole mpaka ifike kwenye hewa nzito inayoweza kuibeba kwa nguvu zilizobaki. Mpango wa safari huonyesha kabla ni wapi rubani atageuka na ni upande gani atashukia, na kanuni hutaka kwamba katika kushuka huko, hata baada ya makato, ndege ipite juu ya milima kwa futi 2,000, ambazo ni kama mita 600. Katika nchi yenye Kilimanjaro wa mita 5,895 na Meru wa zaidi ya mita 4,500, huku uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro ukiwa katikati yake kwa kimo cha chini ya mita 900, hayo si mambo ya kusimuliwa tu. Mwezi Mei 1955 ndege ya DC-3 ya East African Airways iliugonga Mlima Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa.

Ndege ambazo Tanzania ilianza kuzinunua kwa ajili ya Air Tanzania tangu mwaka 2016, zikiwamo Dash 8, Airbus A220 na Boeing 787, zote ni za injini mbili. Hazina upungufu kwa sababu hiyo. Injini za siku hizi ni imara hata rubani anaweza kustaafu bila kuona moja ikifa. Lakini hapo ndipo mtego ulipo. Jambo lisilotokea kwa miaka ishirini huanza kuonekana kana kwamba halipo. Marubani hulipigana na usahaulifu huo kwa kupimwa mara mbili kwa mwaka, na katika mashine za kuigizia urukaji huuliwa injini tena na tena. Wasiopimwa ni wale walio nje ya ndege, ambao nao wana mkono katika jambo hili.

Wa kwanza ni wajenzi. Hesabu ya kuvuka vizuizi huanza na vipimo vya vizuizi vyenyewe. Mnara wa simu uliosimamishwa kinyemela, mikaratusi iliyopandwa mwishoni mwa njia ya ndege na kuachwa ikue, jengo lililoidhinishwa kwa ghorofa tatu likapandishwa mpaka tano: kila kimoja huziibia ndege mita ambazo zilikwisha kuhesabiwa. Kikijulikana, ndege hulazimika kuacha abiria na mizigo miaka yote. Kisipojulikana, ni afadhali lisisemwe litakalotokea siku injini itakapokufa usiku wa mvua. Sheria humtaka anayejenga karibu na uwanja wa ndege apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ofisa wa ardhi anayekikwepa kibali hicho kwa ajili ya rafiki hampi rafiki zawadi. Anaitoa roho ya mtu asiyemjua.

Wa pili ni wenye kupanga ratiba na fedha. Hoja yao isipuuzwe. Nchi maskini haiwezi kurusha viti vitupu kwa fahari, na kila kilo inayoachwa uwanjani ni hasara kwa umma. Lakini gharama hiyo hupunguzwa kwa elimu, wala haipunguzwi kwa kufumba macho. Ndege ikiondoka alfajiri hewa ikiwa baridi, hubeba zaidi kuliko ikiondoka saa nane mchana. Njia ikirefushwa, uzito huongezeka kwa haki. Safari ndefu ikiondoka na mafuta machache na kuongeza katika uwanja wa chini, abiria hawaachwi. Mhandisi aliyefunzwa anaweza kuchora njia maalumu ya kugeukia injini inapokufa, ndege ikazunguka kilima badala ya kushindana nacho, na mabegi yakabaki ndani. Kipimo kipya na sahihi cha kilima chenyewe kinaweza kuonyesha kwamba hofu ya zamani ilizidi. Zote hizo ni njia halali. Zinataka wataalamu wa nchi wenyewe, wasomeshwe na walindwe, maana taifa linalomwachia mgeni hesabu za milima yake halijajitegemea bado, hata kama bendera yake imechorwa mkiani.

Wa tatu, na huyu ndiye mzito kuliko wote, ni mkubwa mwenye haraka. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwaonya viongozi wasiwe watu wa majivuno na dharau mbele ya wafanyakazi. Wengi huukumbuka kwa habari za viwandani. Lakini pa kuupimia vizuri zaidi ni pale mlangoni pa ndege, kiongozi anapokuta amechelewa, viti vimefungwa kwa hesabu, na kijana wa karatasi anasema hapana. Kiongozi akimtisha kijana huyo na kijana akikubali, ndege huondoka, na kwa kawaida hufika salama. Hapo ndipo ubaya unapozaliwa. Kiongozi hujifunza kwamba kumbe ile hapana ilikuwa ya urasimu tu. Kijana hujifunza kwamba hesabu ni kitu cha kubembelezwa. Mara ya pili hasubiri kutishwa. Mara ya kumi hakokotoi tena, anajaza karatasi. Akiba ya futi 35 huwa imekwisha kuliwa, ikaliwa na watu waungwana, kidogo kidogo, na hakuna aliyesikia kishindo.

Kwa hiyo mashirika ya umma hayana budi kuweka jambo hili wazi kwa maandishi na kwa vitendo. Mpanga mizigo, fundi na rubani wanapokataa kwa sababu ya usalama, neno lao liwe la mwisho, na mkubwa wao wa kazi awe wa kwanza kusimama nyuma yao. Asiwepo wa kuhamishwa kituo, kunyimwa cheo au kuitwa ofisini kwa sababu aliacha begi la mtu. Na fundi anayekiri kwamba aliunganisha kitu vibaya kabla ndege haijaondoka asikilizwe na ashukuriwe, maana kukiri kwake ni kwa bei nafuu kuliko tume yoyote ya uchunguzi. Wenzao mahali pa kazi wana kazi hapa iliyo bora kuliko kungoja sherehe: kumlinda mfanyakazi anayesema hapana ya kweli, na kumfichua anayesema ndiyo ya uongo.

Wananchi nao wana sehemu yao, tena ni nyepesi. Siku ndege itakapochelewa katika jua la saa nane, na mabegi yataonekana yakishushwa, msafiri mwenye busara ataangalia dirishani mahali ambapo lami inaishia. Ng'ambo ya lami ataona miti, paa za nyumba na kilima. Kilima hicho hakijui cheo cha mtu, hakisomi barua ya utambulisho, wala hakipokei simu kutoka makao makuu. Kina mita zake, hazipungui. Aliyekwisha kuzihesabu ni yule kijana wa mshahara mdogo anayeshuka ngazi na karatasi yake mkononi. Anastahili kuambiwa ahsante.